Mkutubi wa Texas na Sheria Yetu ya Barabara

Naandika nikiwa bado nina hasira, na hasira yenyewe haijui imwendee nani.

Nyumba ya baba mdogo, nje kidogo ya Morogoro, imewekewa X. Msomaji wa Tanzania sina haja ya kumweleza kwamba X ni alama ya nyumba ya kubomolewa kupisha barabara. Walikuja asubuhi na kopo la rangi, wakachora ukutani, wakaandika namba chini yake, wakaondoka. Ya kwake ni ya kijani. Ya jirani yake wa mbele ni nyekundu. Mtaa mzima unajua kwamba nyekundu hailipwi na kijani inalipwa, lakini ukiuliza kwa nini, kila mtu ana jibu lake. Wengine wanasema ni mita 30 kutoka katikati ya barabara, wengine wanasema 22 na nusu, na yupo mzee mmoja anayeapa kwamba ukiwa umejenga kabla ya Uhuru huguswi. Mwenye kauli ya mwisho pale mtaani ni mtu mmoja ambaye shemeji yake ni dereva wa bosi fulani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, huko uliko si kila kitu kipo? Nitafutie hiyo sheria yenyewe. Nataka niisome kwa macho yangu."

Kabla ya kunipigia mimi alishamtuma binamu yangu. Binamu alikwenda ofisi moja, akaambiwa mwenye funguo za kabati yuko semina. Akarudi, akaambiwa aandike barua. Akaandika. Mwishowe mtu mmoja alimwonea huruma, akamwelekeza steshenari iliyo karibu na stendi, ambako kijana anauza fotokopi za sheria. Binamu akalipa elfu kumi na tano kwa karatasi zilizobanwa pini, ukurasa mmoja umetoka mweusi tii, mwingine umeruka kabisa. Alinitumia picha WhatsApp. Ukurasa ulioruka ndio tuliokuwa tunautaka.

Hebu tulia hapo kidogo. Sheria ya nchi, iliyopitishwa na Bunge tulilolipigia kura, raia anainunua kwa kijana wa fotokopi, tena pungufu. Kijana simlaumu. Kajaza nafasi ambayo mtu mwingine analipwa mshahara aijaze, na hayupo.

Sasa niwaambie nilichokikuta huku.

Ninaishi kaskazini mwa Texas, na Jumamosi huwa nawapeleka wanangu Denton, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha North Texas. Mimi si mwanafunzi wala mwalimu pale. Naingia kama raia yeyote, au niseme kama mtu yeyote, maana hata uraia hakuna aliyewahi kuniuliza. Maktaba ile ni mojawapo ya zaidi ya maktaba elfu moja nchi nzima zinazoitwa maktaba za amana za serikali kuu. Mpango wenyewe uko hivi: kila kinachochapishwa na serikali kwa ajili ya umma, kuanzia sheria, ripoti, ramani na takwimu za sensa hadi mahojiano ya kamati za Bunge, kinapatikana kwa maktaba hizi bila malipo. Maktaba nayo inabanwa na sheria kumruhusu mtu yeyote avitumie bure, hata kama ni maktaba ya chuo binafsi chenye ada ya kutisha. Mbunge wao ana haki ya kisheria ya kuteua maktaba hadi mbili katika jimbo lake. Nawaza wabunge wetu. Wangapi wamewahi kuombwa kitu kama hicho na wapiga kura wao? Tunaomba mabati, tunaomba jezi za timu ya kata.

Nyaraka zile hazikupangwa kwa mada kama vitabu vingine. Zimepangwa kwa ofisi iliyozitoa. Herufi A ni wizara ya kilimo, C 3 ni ofisi ya sensa, Y 4 ni kamati za Bunge. Aliyebuni mpangilio huo ni mkutubi mwanamke, Adelaide Hasse, miaka ya 1890, na hadi leo ndio unaotumika. Napenda sana jambo hilo, kwamba mwanamke mmoja aliyekaa na makabrasha ya serikali aliona ni lazima mwananchi aweze kuyafikia, akatafuta njia.

Siku hizi, bila shaka, makaratasi yamepungua. Kazi imehamia kwenye tovuti inayoitwa govinfo, inayoendeshwa na ofisi ya uchapishaji ya serikali yao, GPO. Ofisi hiyo ilifungua milango tarehe 4 Machi 1861, siku ile ile Abraham Lincoln alipoapishwa. Ukiingia govinfo huombwi jina wala namba ya simu. Unaandika unachotaka, unapata faili lenye muhuri wa kidijitali unaothibitisha kwamba halijachezewa, unalipakua, unalichapa ukitaka, na hata ukitaka kulitoa kama kitabu na kukiuza, hakuna wa kukushtaki, kwa sababu sheria yao inasema kazi ya serikali kuu haina hakimiliki. Si kila kitu ni bure, nikubali. Majalada ya mahakama zao za serikali kuu yapo kwenye mfumo mwingine unaotoza senti 10 kwa ukurasa, na watu wanalalamika kila mwaka. Lakini wanalalamika kwa sababu wamezoea bure.

Tena wanahifadhi hata vilivyokufa. Chuo hicho hicho cha Denton kina hazina inayoitwa CyberCemetery, makaburi ya tovuti, iliyoanzishwa mwaka 1997. Tume au idara ya serikali ikivunjwa, tovuti yake inachukuliwa ilivyo na kuhifadhiwa pale, ili ripoti zake zisipotee. Na kila muhula wa urais unapofikia mwisho, tangu 2008, maktaba kadhaa, zikiwemo ya Denton na ile ya Bunge, hushirikiana kunakili tovuti za serikali kabla wageni hawajaingia na kubadilisha mapazia. Kwetu wizara ikigawanywa mara mbili, au ikiunganishwa na nyingine, anwani ya tovuti inabadilika na kila kilichokuwemo kinatoweka. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, aliwahi kuweka kiungo cha mwongozo wa serikali kwenye maandalio yake ya somo. Muhula uliofuata kiungo kilifungua ukurasa mweupe.

Basi, Jumamosi iliyopita nikamweleza mkutubi wa dawati la nyaraka shida ya baba mdogo. Sikutegemea kitu. Ni mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni, na nilidhani ataniambia wao wanashughulika na mambo ya Marekani tu. Akaniuliza swali moja: "Hiyo sheria ni ya mwaka gani?" Nikamwambia sijui, ni ya barabara. Akageuza kioo cha kompyuta ili nione anachofanya, maana huo ndio utaratibu wao, hakutafutii tu, anakuonyesha njia ili kesho uende mwenyewe. Akafungua TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania, yenye sheria zetu na hukumu zetu. Bure. Akaandika neno moja. Ikatoka: Sheria ya Barabara, Na. 13 ya 2007. Nzima, hakuna ukurasa ulioruka.

Hapo ndipo hasira ilipokosa mahali pa kutua. Sheria ipo! Imewekwa na watu wetu wenyewe, kwa juhudi zao, mtu wa Morogoro mwenye simu ya mkononi anaweza kuifungua sasa hivi. Na mimi nimeonyeshwa na mama wa Texas ambaye hajawahi kukanyaga Afrika.

Mume wangu ananiambia, "Hao wana hela, usitulinganishe nao." Hoja hii imenichosha. Marekani iliamua kupeleka nyaraka za Bunge kwenye vyuo na maktaba za majimbo mwaka 1813, ikiwa nchi ya wakulima, iko vitani na Waingereza. Mwaka uliofuata Waingereza hao hao waliingia Washington wakachoma Ikulu na jengo la Bunge. Hawakuwa na hela. Waliamua tu kwamba raia asiyejua serikali yake inafanya nini hawezi kuisimamia.

Na sisi tusijifanye hatujui haya. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, nchi ina umri wa miaka sita. Na wakubwa wenzangu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, watu wamekaa chini ya mwembe, redio katikati, vijitabu mkononi, wanajadili choo na maji safi. Bibi yangu alikitunza kile kijitabu ndani ya sanduku pamoja na kanga zake za harusi. Serikali ilimfikia bibi kijijini na maandishi kwa lugha yake. Kilichotokea baada ya hapo sitakimaliza kukieleza leo, ila nenda maktaba ya mkoa wowote utaona. Viti vimejaa vijana wa kidato cha nne wanaosoma madaftari yao waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Wanafuata meza na utulivu. Hakuna anayemfuata mkutubi, na sidhani kama kuna anayewaza kwamba Tangazo la Serikali linatafutwa pale.

Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Wakenya walipata yao mwaka huo huo, na Katiba yao tayari ilikuwa inaitambua haki hiyo katika ibara ya 35. Wenzetu hao sheria zao zote na Gazeti la Serikali wameviweka wazi kupitia Kenya Law. Kwa hiyo Afrika Mashariki hatudaiwi tena intaneti wala sheria. Tunachodaiwa ni mtu aliyekaa kwenye dawati, anayelipwa kusema, "Karibu mama, hiyo sheria ni ya mwaka gani?"

Tena mtu huyo anahitajika kwetu kuliko huku, kwa sababu ya lugha. Sheria niliyomtumia baba mdogo ni ya Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya sheria, jambo jema mno, lakini za zamani ni nyingi na mwenye X ukutani hawezi kungoja zote zitafsiriwe. Nilikaa naye kwenye simu, nikamsomea, nikamweleza. Kwamba zamani hifadhi ya barabara kuu iliishia mita 22 na nusu kutoka katikati ya barabara, na sheria ya 2007 ikaisogeza hadi mita 30. Aliyejenga ndani ya zile 22 na nusu amevamia. Aliyejenga kati ya 22 na nusu na 30 kabla ya sheria hiyo hakuvamia, barabara ndiyo iliyomfuata, na ndiyo maana anadai fidia.

Akakata simu bila kuaga. Baadaye binamu alinitumia video. Baba mdogo, koti la suti juu ya msuli, ameshika ncha ya kamba ukutani kwake. Mjukuu wake amesimama katikati ya lami na ncha nyingine, bodaboda zinampigia honi kushoto na kulia. Kamba ina mafundo kila baada ya mita tano. Majirani wamejaa barazani wanahesabu kwa sauti. Ikatoka mita 26 na kidogo. Jirani wa mbele naye akaomba kamba.

Fidia hajalipwa bado. Lakini alipokwenda tena ofisini alikwenda na sheria iliyochapwa, kifungu kimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na safari hii alipewa kiti.

Kwa hiyo, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba: ninaomba dawati moja katika kila maktaba ya mkoa. Kompyuta moja, mkutubi mmoja aliyefundishwa TanzLII, majadiliano ya Bunge na takwimu za sensa viko wapi, na kibao mlangoni kinachosema nyaraka za serikali zinapatikana hapa bila malipo. Tuliotoka nchini tutachangia kompyuta, hilo nina hakika nalo, tumechangia makubwa zaidi ya hapo kwenye harusi.

Nawe unayesoma ukiwa nyumbani, ukipita maktaba ya mkoa wako wiki hii, ingia uulize Sheria ya Barabara ya 2007. Kisha niandikie ulivyojibiwa, na utaje mkoa.