Ziara ya Mto Kagera na Maswali Tuliyosahau Kuuliza

Wanachuo wanaorudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha hutuuliza mara kwa mara kama ziara ya mafunzo yastahili gharama yake. Swali hilo ni la haki. Nauli ni kubwa, siku nzima ya masomo hupotea, na si ajabu kuwaona wanafunzi wakirudi na kumbukumbu ya soda waliyokunywa njiani kuliko ya kile walichopelekwa kukiona. Tumeonelea vema kuwasimulia wasomaji wetu ziara moja tuliyoiongoza sisi wenyewe, tukiwa na wanachuo 14 waliokuwa katika mazoezi kwenye shule ya msingi huko Kanazi, katika wilaya ya Bukoba. Ziara hiyo haikwenda kama tulivyoitarajia, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu.

Mada ilikuwa vita vya Kagera, nayo ilikusudiwa kufundishwa Darasa la Sita. Habari zenyewe zinafahamika. Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Uganda zilidondosha mabomu mjini Bukoba. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi ya Idi Amin yaliingia katika eneo lililo kaskazini ya mto Kagera, na tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba eneo hilo limekuwa sehemu ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wapatao 40,000 walikimbilia kusini. Jeshi la Wananchi, pamoja na mgambo waliokusanywa kutoka kila pembe ya nchi, lilivuka mto, likalikomboa eneo lile, likasonga mbele hata likaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto huo. Haya yote tumeyafundisha chuoni kwa miaka saba, tukiyapanga ubaoni kwa tarehe zake, na wanachuo wakiyanakili kwa utulivu mkubwa.

Katika kuiandaa ziara tulitaka kuamsha hamu. Kwa kuwa tulikusudia kutazama mabaki ya mahandaki ya vita kandokando ya mto, tulitafuta picha za mahandaki yaliyo mashuhuri zaidi duniani, yaani yale ya Cu Chi, karibu na mji wa Saigon ambao tangu mwaka 1976 unaitwa Ho Chi Minh. Tuliwaeleza wanachuo jinsi wanakijiji wa huko walivyoanza kuyachimba wakati wa kupigana na Wafaransa, wakayaendeleza katika vita dhidi ya Wamarekani, mpaka yakafikia jumla ya kilomita zipatazo 250; na kwamba humo chini mlikuwa na jiko, bohari, visima na mahali pa kuwatibia majeruhi. Tuliwaonyesha pia picha ya wageni wa siku hizi wakipelekwa huko kwa mashua katika mto Saigon, wakiongozwa na mtembezaji, kisha wakitambaa katika vijia ambavyo baadhi yake vimepanuliwa ili viwatoshe. Darasa lilichangamka mno. Tulijisifu moyoni kwamba somo limekwisha kushika. Hatukufikiri kwamba neno handaki katika lugha yetu lina uwanja mpana, kwamba njia ya chini kwa chini ni handaki, na shimo refu lililo wazi juu, la kujikinga na risasi, nalo ni handaki. Wanachuo wetu walikwenda Kyaka wakiwa na Cu Chi vichwani.

Tuliondoka Kanazi alfajiri ya Jumamosi, umande ukiwa bado umelala juu ya migomba. Tulipita karibu na makao ya kale ya Mukama Kahigi wa Kihanja, na mwanachuo mmoja akanong'ona kwamba hapo pangetosha kwa ziara na nauli tungeiokoa. Tulimnyamazisha. Kyaka tulimkuta kijana mmoja wa hapo ambaye huwatembeza wageni, pamoja na mitumbwi miwili tuliyokuwa tumeiagiza, kila mmoja ukiwa na mzee wake wa kuuongoza. Tulikagua makoti ya kujiokolea moja baada ya jingine kabla ya mtu yeyote kukanyaga ndani, nasi tunawasihi walimu wasilione jambo hilo kuwa dogo, kwa maana Kagera ni mto wenye maji mazito na mkondo wa nguvu, na viboko na mamba wamo. Kwa sababu hiyo hiyo hatukuwachukua watoto. Ziara ilikuwa ya walimu wao, ili waende darasani wakiwa wameona.

Saa ile ya kwanza mtoni ilitufaa kuliko yote iliyofuata mchana huo. Tulisogea taratibu kandokando ya mafunjo, daraja la sasa likiwa nyuma yetu, na mwanachuo mmoja akauliza mpaka uko wapi. Wenzake walimcheka, wakamwonyesha maji: si ndio huu? Kijana wa kutembeza akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kaskazini, upande wa Mutukula, mbali kabisa, ambako hatukuweza kuona chochote ila nyasi na anga. Hapo tukawaeleza, tukiwa tumekaa juu ya mto wenyewe, kwamba mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuigawa nchi kwa kuufuata mstari wa latitudo ya 1° kusini ya ikweta, mstari usiojali mlima wala maji, na kwamba kwa sababu hiyo kipande cha Tanzania kipo ng'ambo ya mto. Amin alidai kwamba mpaka ungefaa uwe mto. Aliyekaa mtumbwini aliweza kuona mara moja kwa nini dai hilo lingeweza kumvutia mtu asiyejua, na pia kwa nini daraja moja likivunjwa watu wa ng'ambo hubaki wametengwa na nchi yao. Kwenye ramani ya ukutani tulikuwa tumelieleza jambo hilo mara nyingi bila kupata hata swali moja.

Baada ya hapo tukashuka kuyatazama mahandaki. Kijana alituongoza katika majani marefu, akasimama, akasema, "Ni haya." Yalikuwa mabonde madogo ya udongo, yamejaa majani na matawi makavu, mengine yakiwa na kina kisichofika gotini. Miaka imeyafukia. Wanachuo walitazamana. Mmoja wao, kijana mwerevu ambaye kwa kawaida huwa na adabu, aliuliza kama kuna mengine. Wakaanza kupiga picha za mto badala yake. Tulijaribu kuokoa hali kwa kuwaambia wapime urefu na wakadirie wangeingia watu wangapi, nao wakapima kwa hatua, lakini mioyo yao haikuwamo. Hata mabaki ya kanisa lililobomolewa na mabomu, ambayo tuliyatembelea saa za alasiri na ambayo huhuzunisha kila mwenye macho, waliyapita haraka. Tulikuwa tumewaahidi kilomita 250.

Jambo jingine tulilijua wakati wa kuagana tu. Katika karatasi ya maswali tuliyoigawa asubuhi, maswali yote 12 yalielekezwa kwa kijana wa kutembeza, naye aliyajibu yote kwa ufasaha, maana alikwisha kuyajibu mara nyingi kwa wageni wengine. Mzee aliyeuongoza mtumbwi wetu hakuwa na swali lake. Tulipokuwa tukimlipa, mwanachuo mmoja wa kike alimwamkia na kumwuliza, kwa mazungumzo tu, amefanya kazi hiyo tangu lini. Mzee akamjibu kwamba mara ya kwanza alipouvuka mto huu kwa mtumbwi alikuwa mtoto, amebebeshwa kuku wawili, siku chache baada ya daraja kulipuliwa, na kwamba mama yake alimziba mdomo kwa kanga asikohoe. Basi letu lilikuwa limekwisha kuwashwa. Tulimshukuru, tukaondoka.

Jumatatu yule yule mwanachuo wa kike alifundisha Darasa la Sita, nasi tukiwa tumeketi nyuma na fomu ya tathmini. Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zake zilipangwa vizuri, mchoro wa mto na mstari wa mpaka ulieleweka. Alipofika kwenye mahandaki aliwaonyesha picha za Cu Chi, kisha akaeleza ya Kyaka. Mtoto mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, hata kwetu lipo. Bibi huivisha ndizi humo." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasema, "Vizuri, keti," akaendelea na hatua ya tatu ya somo. Nasi tulicheka, na katika fomu hatukuandika neno lolote juu ya tukio hilo. Tuliandika kwamba nidhamu ililegea kwa muda.

Wale wasiotoka Buhaya yafaa waelezwe kwamba huku kwetu ndizi za kutengenezea pombe huivishwa kwa kufukiwa shimoni na kufunikwa majani ya migomba. Kila kibanja huwa na shimo la namna hiyo, na hakuna mtoto aliyelelewa huku asiyewahi kuliiba.

Jioni, katika kikao cha kujadili masomo ya siku, jambo hilo lilirudi akilini mwetu, tukamwambia mwanachuo kwamba aliliacha jibu la yule mtoto lipotee. Tulisema kwa ukali kidogo, kwa namna ya mtu anayejua kwamba naye alilipoteza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Samahani mkufunzi, naomba kuuliza. Wewe ni mwenyeji wa hapa. Habari za vita nyumbani kwenu ulimwuliza nani?"

Hatukuwa na jibu. Marehemu baba yetu alikuwa miongoni mwa mgambo waliokwenda. Tulilijua hilo tangu utotoni, kama mtu ajuavyo jina la ukoo wake, kwa sababu koti lake la kijani lilitundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake kwa miaka yote. Hakusimulia, nasi hatukuuliza. Alipofariki tulikuwa tumekwisha kuyafundisha masomo hayo ya vita kwa miaka minne, katika chuo kilicho mwendo wa saa chache kutoka kitini pake, na likizo zote tulikuwa tukikaa naye barazani tukizungumza juu ya bei ya kahawa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa shangazi yetu, ambaye anaishi katika kibanja cha babu hapo hapo Kanazi. Tulimkuta akichambua maharage. Tulimwamkia, tukaketi, tukamweleza tulichojia. Alituangalia kwa muda, kisha akauliza, "Leo ndiyo mnauliza?" Akainuka, akatupeleka nyuma ya nyumba, chini ya mibuni ya zamani, akatuonyesha shimo la ndizi. Shimo hilo tulilijua vizuri. Tulikwisha kuchapwa kwa ajili yake tukiwa na umri wa miaka minane.

Baba alilichimba kwa siku mbili, alisema, baada ya mabomu ya Bukoba, na alichagua kuliweka chini ya mibuni ili lisionekane na ndege. Alilipinda kona katikati. Juu aliweka vigogo vya migomba na udongo. Alilipima kwa idadi ya watu wa nyumba, saba, kisha akaenda kujiandikisha. Wiki ile ile wakaja wageni kutoka ng'ambo ya mto, watu tisa wa nyumba moja, na babu akawapokea. Basi kila ulipovuma muungurumo angani, watoto wote waliteremshwa humo, wa kwetu na wa wageni, wakibanana kama ndizi zenyewe, na watu wazima walijilaza nje kwenye majani, kwa kuwa nafasi haikuwapo. Shangazi alikuwa na miaka 11, naye alihesabiwa mtoto, lakini dada yake wa miaka 14 alihesabiwa mtu mzima. Mpaka leo, alisema, hakumbuki muungurumo wenyewe ulikuwaje. Anakumbuka mguu wa dada yake, uliokuwa ukionekana kwenye mdomo wa shimo.

Baba aliporudi mwaka 1979 alilitazama shimo, akauliza watu wangapi waliingia. Alipoambiwa, akasema kwamba angelichimba refu zaidi. Shangazi anadai kwamba juu ya vita hivyo hakumsikia akisema neno jingine lolote.

Tulipima kwa kamba: mita nne na nusu, pamoja na ile kona. Tumemrudia mwanachuo wetu na vipimo hivyo, naye amekwenda kumtafuta yule mtoto wa mstari wa nyuma pamoja na bibi yake. Darasa la Sita limepewa kazi ya kuuliza nyumbani, kila mtoto akileta habari moja na kipimo kimoja, na tayari yamepatikana mashimo sita, mawili yakiwa yamefukiwa na moja likiwa choo. Ziara ya mwakani tutaiandaa upya. Picha za Cu Chi tutazionyesha mwishoni, baada ya watoto kuyaeleza ya kwao, na tumekwisha kumtumia salamu mzee wa mtumbwi kwamba safari hii tutakaa naye kwanza kabla ya kupanda.

Shangazi alitusindikiza mpaka njiani. Tangu wale wageni warudi kwao hajapata kufika Kyaka, ingawa walimkaribisha mara nyingi. Alituuliza nauli ni kiasi gani, na kama katika basi la wanachuo huwa panabaki nafasi.