Baridi ya Manyovu na Sweta la Baba Mkwe

Mpenzi msomaji, ukisikia Kigoma unawaza nini? Joto, migebuka na mawese, si ndiyo? Hata mimi nilijidanganya hivyohivyo. Julai, nilipokwenda kwa mara ya kwanza ukweni Manyovu, nilibeba viblauzi vya Dar na ndala.

Kumbe! Toka Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini, lami inapanda kama kilometa 60 hadi mpakani na Burundi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, milima inapita mita 1,500. Jua likizama, migomba na mibuni inapotelea kwenye ukungu, na wewe meno yanagongana.

Baridi nyingine ilikuwa ndani ya nyumba. Baba mkwe alipofariki mwaka uliotangulia, sikwenda kuzika. Nilituma rambirambi kwa simu nikabaki ofisini kufunga toleo. Mama hakunisema. Aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha chakula, basi.

Asubuhi ya pili alinikuta jikoni nimejikunyata na khanga mbili. “Mwakeye,” akanisalimia kwa Kiha, akaingia chumbani. Akatoka na sweta la kijivu la marehemu, limetoboka viwiko. Nikajua ananipa nivae. Akanipa mkasi. “Shika, tufumue.”

Nawe unaweza. Chagua sweta lililofumwa, si lililokatwa na kushonwa kwa cherehani, maana hilo litakupa vipande vifupifupi tu. Tenganisha mikono na mbavu kwa kukata nyuzi za maungio peke yake. Tafuta mwisho wa uzi shingoni, vuta, huku mwenzako akizungushia mgongo wa kiti. Funga uzi huo sehemu nne usijisokote, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha anika ukiwa umening’iniza kitu kizito kidogo ili mikunjo inyooke. Sindano? Mama anatumia spoku mbili za baiskeli, ncha zimesuguliwa kwenye jiwe. Anza na vitanzi 40, fuma hadi ipate mita moja na nusu. Hiyo ni skafu.

Huna muda? Kata mikono ya sweta jingine chini ya kiwiko, pinda na kushona ukingo uliokatwa, toboa pa kupitisha dole gumba na upashone pembeni. Nusu saa tu, una glavu zisizo na vidole.

Sisi hatukuwa na haraka. Uzi ulipokuwa ukikimbia, mama alianza kunisimulia: alivyougua, usiku wa mwisho, nani walikaa naye msibani. Jina langu halikuwemo. Nikashindwa kuvumilia. Nikaacha uzi, nikapiga magoti, nikaomba msamaha bila kisingizio cha kazi.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akaninyooshea ule uzi. “Vuta taratibu, mwanangu, utaukata.”

Mwanangu! Hakuwahi kuniita hivyo.

Skafu ninayo, imepinda upande mmoja kwa sababu ya vitanzi nilivyoangusha. Uzi uliobaki mama alimfumia mjukuu kofia. Basi shoga, kama una sweta kuukuu kabatini, lifumue msimu huu. Na kama kuna mtu unadaiwa samahani, mwite yeye akushikie uzi.