Bei Mama na Watoto Wake

Wanachuo wenzangu mnaojiandaa kwenda fildi, nawaletea kisa changu kabla hamjapewa nywila ya mtu.

Fildi yangu niliifanya kwenye hoteli moja hapa Mwanza, kando ya ziwa. Wiki ya pili, dada wa mapokezi aliyekuwa akinisimamia akaniambia, “Mdogo wangu, wewe si unasoma mambo ya kompyuta? Hebu nipangie bei humu.” Programu ya kupokea oda za vyumba ilikuwa mpya. Nikaingia kwa jina lake na nywila yake.

Kazi yenyewe iko hivi. Chumba kimoja hakina bei moja. Mgeni anayeingia kutoka barabarani ana yake. Kampuni ya utalii inayolaza wageni Mwanza kabla ya kushika barabara ya Musoma na kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka ina yake. Shirika linaloleta watu wa semina lina yake. Badala ya kujaza bei kila mahali, unaweka moja ya msingi, mimi niliiita bei mama, kisha mikataba mingine unaiunganisha nayo: huyu pungufu asilimia 20, yule 15. Ukimgusa mama, watoto wote wanafuata.

Bei mama ilikuwa shilingi 120,000. Kampuni ya utalii ikapata 96,000, sawasawa na karatasi iliyokuwa kwenye faili. Nikajiona fundi.

Julai msimu ulipochanganya, meneja akapandisha bei ya msingi hadi 150,000. Hakugusa kitu kingine. Kampuni ikatumiwa ankara ya vyumba 12 kwa siku mbili, kila chumba 120,000. Yaani 576,000 zaidi ya makubaliano! Mkataba wao ulisema 96,000 hadi Desemba, wala haukutaja asilimia popote. Hiyo asilimia 20 niliitunga mimi kwa kikokotoo, kwa sababu hesabu ilikubali.

Simu ikaja asubuhi: rekebisheni, la sivyo wageni tunawahamisha. Meneja akafungua kumbukumbu za programu. Aliyepanga mkataba? Jina la dada. Akaitwa ofisini.

Mimi nimekaa nje. Fomu yangu ya tathmini haijasainiwa. Dada ana watoto wawili wanaosoma. Nikajiambia, nikinyamaza sitakuwa nimedanganya. Nikakaa na wazo hilo dakika kadhaa, na sijivunii dakika hizo. Kisha nikagonga mlango.

Ankara ilirekebishwa, kampuni ikabaki. Alama zangu zilikuwa za kawaida tu, na dada hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akanisogezea sahani ya ugali na sato: “Kula. Halafu twende tukaitenganishe ile bei yako.”

Tukakaa na karatasi mkononi, tukisoma kila mstari. Bei ya semina tuliiacha imeunganishwa, maana barua yao ilisema punguzo la asilimia 15 kwa bei ya siku hiyo. Ya kampuni ikasimama peke yake, 96,000, na tarehe yake ya mwisho. Kompyuta haijui bei ipi ni hesabu na ipi ni ahadi. Anayejua ni aliyesoma mkataba, na mimi nilikuwa nimesoma tarakimu tu.

Siku hiyohiyo nilipewa nywila yangu, kwa jina langu.