NESI WA BONDENI, sehemu ya 7: Chakula cha mchana kilabuni

Juzi niligusia tu kwamba nimekunywa pombe ya ulezi na mgonjwa wangu, basi meseji hazikuisha. Wengine mmeshanihukumu. Haya, kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Ilikuwa Julai, kipupwe chenyewe. Kule juu Sumbawanga mjini, karibu mita 1,800 toka usawa wa bahari, mwezi huo watu wanavaa koti juu ya sweta na bado wanajikunyata. Sisi wa Mtowisa tuko chini bondeni, Ziwa Rukwa lenyewe liko kwenye mita 800 hivi, kwa hiyo baridi yetu ni ya alfajiri tu, ikifika saa nne jua limesharudi kazini. Ndiyo miezi ya kupanda mlima bila kuzimia njiani. Tukajikusanya wanne siku ya mapumziko: mimi, nesi mwenzangu wa wodi ya wazazi, mwalimu mmoja wa sekondari na bwana shamba. Saa kumi na moja asubuhi tumeshika njia ya kupanda Lyambalyamfipa, na chupa ya chai na viazi vitamu vya kuchemsha.

Wewe uliyezoea kuuona ukingo ule kwenye dirisha la basi, siku moja upande kwa miguu. Unapita kwenye miombo iliyopukutisha majani, miguu inateleza kwenye kokoto, kifua kinapiga filimbi. Bwana shamba alikuwa anatuonyesha kila mti na jina lake, mwalimu anamkatalia. Tulipofika pa kupumzikia, bonde lote likawa mbele yetu: mashamba ya mpunga yameshavunwa, ng'ombe wa wafugaji kama punje za ufuta, na ziwa kwa mbali linang'aa kama bati jipya. Tulikaa kimya. Sisi wanne kukaa kimya, jamani, si jambo dogo.

Kushuka ndiko kulikotumaliza magoti. Saa saba na nusu tuko chini, njaa inauma, na mwalimu akasema anamjua mama mmoja anayepika pombe na chakula pia. Nikasita. Nesi kilabuni, mchana kweupe? Kijiji kizima kinanijua. Mwenzangu akaniambia, "Dada, wote waliomo humo umewachoma sindano. Wewe ingia."

Basi tukaingia. Benchi chini ya mwembe, ugali wa moto, maharage, na kambale mkavu aliyeungwa na nyanya. Sijui kama ni njaa ya mlima, lakini sikumbuki kula samaki mtamu namna ile. Mama akatueleza kazi yake huku anasonga: ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa, hicho ndicho kimea. Kinachanganywa na uji, na siku ya kwanza unapata togwa, tamu, hata mtoto anakunywa. Ukiiacha iendelee kuchachuka, inakuwa pombe. Hii si gongo, tuelewane. Gongo imekatazwa na sheria tangu 1966, na mimi nimeshapokea watu waliokunywa moshi usiojulikana umetoka wapi, kwa hiyo hapo sina utani. Hii ya ulezi ni nzito, ina uchachu, inashiba. Nikachukua kopo moja. Nilikuwa naingia zamu kesho yake jioni.

Nimefika nusu ya kopo, nikasikia kikohozi nyuma yangu. Sisi manesi tuna vikohozi tunavyovijua. Nikageuka. Ni baba mmoja (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike, na ameniruhusu kuandika) niliyemwanzishia dawa za kifua kikuu mwenyewe, halafu akapotea wiki tano. Simu haipatikani, nyumbani wanasema yuko shamba. Kumbe yuko hatua kumi kutoka kwangu.

Nilitaka kumgombeza. Maneno yalikuwa mdomoni. Yeye akaangalia kopo langu, akaangalia uso wangu, akasema taratibu, "Nesi, si ulisema dawa na pombe haviendi pamoja? Nikachagua."

Nilikosa jibu. Ni kweli nilisema hivyo, na ni kweli kitabibu: dawa zile zinalipa ini kazi kubwa, ukiongeza pombe unalibebesha mzigo wa pili. Ila nilimwambia kama dakika mbili, foleni ndefu nyuma yake, "usiguse pombe miezi sita," nikamwita anayefuata. Sikumuuliza pombe kwake ni nini. Akanieleza pale chini ya mwembe: mavuno yote wanasaidiana, na ukimsaidia mtu shamba unalipwa kwa kukaa naye kilabuni. Asiyekaa wanasema ana maringo, au ana ule ugonjwa mwingine. Kwake kuacha pombe ilikuwa kuacha watu. Vidonge ndivyo vilikuwa rahisi kuviacha.

Nikasukuma kopo langu pembeni. Nikamwomba tuhamie ukingoni, kwenye upepo, maana TB inapita hewani mtu akikohoa, haipiti kwenye kopo wala kijiko, na kwa wiki tano bila dawa sikutaka akoholee watu. Tukaongea kama saa nzima. Wenzangu wakaagiza kambale wa pili.

Aliyepata dawa ni mama mwenye pombe. Alikuwa anasikiliza muda wote anajifanya anaosha vyombo. Akasema, "Mimi togwa natengeneza kila mara. Nitamwekea yake kwenye kopo lilelile. Nani atachungulia?" Ukiangalia kopo la togwa na la pombe kwa mbali, rangi ni moja. Na togwa si kitu cha kudharau: miaka ya 1990 ilishafanyiwa utafiti hapahapa Tanzania kwa watoto, ikaonekana inapunguza vijidudu vya kuharisha tumboni.

Jumatatu alikuja. Saa moja na nusu, kabla sijafungua dirisha. Tukachukua makohozi upya kupima, tukaanza kuhesabu tena, na safari hii nikamwita na mkewe, na watoto wote wakapimwa. Wiki iliyofuata akaja analalamika kwa sauti kwenye benchi la wagonjwa kwamba mkojo wake umerudi kuwa wa rangi ya chungwa. Sijawahi kufurahia malalamiko kama yale.

Hadi leo amemaliza miezi minne. Kilabuni haachi kwenda. Mimi nimeenda mara mbili tangu siku ile, na mara zote mbili mama ameniwekea kopo bila kuniuliza. Ya kwanza ilikuwa togwa. Ya pili siwaambii.