Sikio la Bibi Kizee

Piano haina ulimi. Haiwezi kusema “mama”, wala haiwezi kumtaja zimwi kwa jina lake. Hapa kwetu Dutwa, ambako hadithi na wimbo vimekwenda pamoja tangu kale, wazee wenzangu huniuliza: muziki usio na maneno utasimulia nini? Swali lao ni la haki, nami nimeishi nalo kwa muda wote niliokuwa nikitunga vipande sita vya piano juu ya hadithi ya Masala Kulangwa.

Sababu ya kutunga ilikuwa hii. Wajukuu wangu wamekulia Dar es Salaam, na Kisukuma hawakijui. Nikiwasimulia kwa Kiswahili, kisa wanakielewa vizuri, lakini wimbo ulio ndani ya kisa huharibika mikononi mwangu. Kisukuma ni lugha ambayo sauti ya neno hupanda na kushuka pamoja na maana, na wimbo hufuata mwendo huo. Ukibadili maneno, wimbo hubaki kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Nikaona afadhali niyaache maneno niuokoe wimbo.

Hadithi yenyewe, kama nilivyoipokea, ni hii. Shing’weng’we alimeza watu wote na wanyama wote, isipokuwa mama mmoja mjamzito aliyejificha katika rundo la makapi. Mama huyo akamzaa Masala Kulangwa, yaani mwenye akili aelewaye upesi. Mtoto alipokua akauliza watu wengine wako wapi, akaambiwa. Siku moja akaua panzi, akarudi nyumbani akiimba kwamba amemwua zimwi. Mama akamjibu kuwa yule ni panzi tu. Siku nyingine akaja na ndege, kisha na swala, na kila mara aliimba wimbo ule ule na kupata jibu lile lile. Mwishowe alimwua zimwi mwenyewe, akampasua, na watu wakatoka wazima. Lakini kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye akakasirika sana, akataka hata kumroga. Masala akatafuta dawa, akamponya, ndipo watu wakamfanya mtemi.

Msomaji ataona kwamba hadithi hii tayari imepangwa kimuziki. Jambo moja linarudi, na kila likirudi limekua. Mrusi Modest Mussorgsky alilijua jambo hilo. Rafiki yake, mchoraji Viktor Hartmann, alifariki mwaka 1873, na mwaka 1874 Mussorgsky akatunga mfululizo wa vipande vya piano juu ya picha kumi za maonyesho. Katikati ya picha aliweka wimbo wa mtu anayetembea kutoka picha hadi picha. Wimbo huo hurudi mara kwa mara, lakini hauwi vile vile: baada ya picha ya makaburi ya chini ya ardhi unasikika kwa huzuni, na katika picha ya mwisho, ya lango kuu la Kiev, unaingia ndani ya picha yenyewe. Hakuna neno hata moja, na bado msikilizaji anajua kwamba mtembeaji amebadilika. Karibu na kwetu, Justinian Tamusuza wa Uganda alitunga muziki wa vinanda vinne vya nyuzi akauita kwa Kiganda jina lenye maana ya njia ya msalaba, na kundi la Kronos Quartet la Marekani likarekodi sehemu yake katika albamu ya mwaka 1992. Kwa hiyo njia ilikwisha kupitiwa.

Mimi nilianza na wimbo wa kijana. Una sauti tano tu, nao unakaa wote juu ya vibao vyeusi vya kinanda. Kwa panzi nimeupiga juu kabisa, kwa kidole kimoja, upesi. Kwa ndege nimeongeza mkono wa kushoto, na kwa swala mikono yote inakimbia. Kila mara jibu la mama ni sauti mbili zile zile, za chini na za polepole. Kwa zimwi sikutaka kugongagonga vibao vizito ili kutisha watoto. Nimechukua wimbo wa kijana mwenyewe, nikaugeuza: palipopanda pashuke, palipokuwa na haraka pawe pazito. Zimwi limejaa watu, basi na muziki wake ujae wimbo wao.

Ugumu ulikuja mwishoni. Kijana mmoja mwalimu wa kwaya, hodari wa kusoma noti, alinishauri nimalize pale watu wanapotoka, kwa shangwe na sauti zote. Nilimshukuru, lakini sikukubali. Nimeongoza shule miaka mingi, na nimeona mambo mengi mema yakifanywa kwa kisu kisichoangalia nani yuko ndani. Mkombozi wetu anapewa utemi baada ya kumrudia aliyemjeruhi. Kuua zimwi peke yake hakukutosha. Kuliondoa sikio ni kuiondoa hadithi.

Basi katika kipande cha sita wimbo unarudi kwa shangwe, lakini nimeiondoa sauti ya tatu. Kila inapotazamiwa pana kimya kifupi. Mikono inaendelea, watu wanacheza, na kimya kile kinabaki. Karibu na mwisho sauti hiyo inarudi chini, kwa mkono wa kushoto, polepole kama jibu la mama.

Likizo iliyopita mjukuu wangu wa miaka tisa alikaa kando yangu akisikiliza. Shangwe ilipoanza akakunja uso, akaniuliza, “Babu, ile moja imekwenda wapi?” Nikamwambia angoje.