Nyekundu Ikigeuzwa

Jumamosi, 4 Novemba 2023

Leo Babu kaniachia nichape bao la ramli mwenyewe. Mistari kumi na sita ya nukta, kulia kwenda kushoto, bila kuhesabu, swali limekaa kifuani. Ukihesabu umeharibu. Halafu unafuta mbilimbili mpaka ibaki moja au mbili. Mistari minne, umbo moja. Maumbo manne ya kwanza ni mama. Mabinti unawapata kwa kuwasoma mama kwa upana: vichwa vyote, kisha vifua, matumbo, miguu. Hapo ndipo nilipopotea. Wajukuu wanne, mashahidi wawili, hakimu mmoja. Ukoo mzima kwenye mchanga, chini ya mwembe.

Kitabu chenyewe hajanipa. Cha babu yake, kilifika huku na msafara kutoka pwani, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Anakifunua, anasoma, anakifunga.

Nimeshika sita tu. Tariki, nukta nne wima: njia. Hiyo haikunipa shida, mtoto wa Kanyenye, mtaa wa misafara, nisijue njia? Jamaa, zote mbilimbili: watu wengi. Lahiyani kicheko, Ankisi huzuni. Bayadhi nyeupe. Humra nyekundu.

Swali langu sikumwambia. Hakuuliza.

Jumapili, 5 Novemba

Mama kasema haramu. Mara moja tu, akaendelea kuchambua mchele. Ingekuwa afadhali angegomba. Moyoni nikamjibu kwamba sitafuti mchawi, namtafuta mwanao. Simu yake haipatikani tangu Ramadhani, na huko machimboni mashimo yanafukia watu. Moyoni tu. Mdomoni: ndiyo, Mama.

Jumanne, 7 Novemba

Hakimu wangu katoka na nukta saba! Nikafurahi kweli, nikadhani nimepata jambo kubwa. Babu akafuta bao lote kwa kiganja. "Hakimu hatoki witiri. Rudia."

Nne, sita au nane, basi. Akija na tano au saba, umekosea kujumlisha, hata kama mkono wako ni wa walii. Lakini kwa nini? Nimekaa na daftari mpaka honi ya treni ya usiku. Nimeona! Kila nukta ya mama inarudi kwa mabinti, ile ile, imehama mahali tu. Shahidi wa kulia anawabeba mama, wa kushoto mabinti, wanakutana kwa hakimu. Kitu kimehesabiwa mara mbili. Kitatokaje witiri?

Mabao yote yanayowezekana ni 65,536. Nimezidisha mwenyewe, 16 mara nne. Na katika yote hayo hakimu hayumbi hata mara moja. Sijui kwa nini limenifariji hivi.

Alhamisi, 9 Novemba

Chaji imeisha kwa kutazama karata za Wazungu, tarot. Zilianza kwao Italia karne ya 15, mchezo tu, kubashiria kukaja baadaye sana. Picha nzuri: mnara unaporomoka, mwanamke na simba. Mwanafunzi anaanza na tatu: yaliyopita, yaliyopo, yajayo. Kilichonishika ni hiki: karata ikitoka kichwa chini, maana inageuka. Nimuulize Babu kama na sisi tuna hilo.

Sijamuuliza.

Ijumaa, 10 Novemba, usiku

Niandike kabla mkono haujaacha kutetemeka.

Mama jirani kaja jioni, mtoto mgongoni, homa siku ya tatu. Kanikuta uani nachapa. "Mdogo wangu, niangalizie." Ningesema sijui, mimi mwanafunzi. Nilisema ngoja. Kwa nini nilisema ngoja? Kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniomba.

Nikachapa. Nikahamia upande wake ili aone vizuri, tukainama pamoja. Nyumba ya sita ya bao, ya ugonjwa. Moja juu, mbili, moja... hapana. Mbili, moja, mbili, mbili. Humra. Nikalitamka. Nyekundu.

"Nyekundu," naye akasema, taratibu. Akatazama ukuta wa nyuma, moshi wa Bibi muuza michembe unapanda. "Kumbe. Yale macho."

Sauti yangu haikutoka. Akajifunga kanga, akaondoka.

Bibi anapikia kuni tangu sijazaliwa. Macho yake yawe rangi gani?

Na najua. Vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, Shinyanga, Mwanza, na huku kwetu Unyamwezi. Mwaka 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali ikapiga marufuku wapiga ramli, na redio ikawa haina neno jingine ila ramli chonganishi. Nilikuwa nasikiliza kama mambo ya watu wengine. Leo mchonganishi ni mimi. Neno moja tu. Halikuchukua hata dakika.

Jumamosi, 11 Novemba

Alfajiri kwa Babu. Nimemchorea bao lote daftarini, ninavyolikumbuka. Kalitazama muda mrefu.

"Ulisoma umekaa wapi?"

Upande wake, Babu.

Akaligeuza daftari. Mbili, mbili, moja, mbili. Bayadhi. Nyekundu ikigeuzwa ni nyeupe, umbo lile lile. Nikapumua, nikataka kucheka, nikasema basi Babu, kumbe hamna kitu!

Yeye hakucheka. "Na ingekuwa Humra kweli?"

Kimya.

"Ulimwambia ampeleke mtoto hospitali?"

Sikumwambia. Ya Rabi, homa siku tatu, na mimi nahesabu nukta. Sikumwambia.

Nimekimbia mpaka kwa mama jirani, bila hata kuaga. Nilikosea dada, nilisoma kichwa chini. Kanitazama kama ninamuuzia kitu kibovu. "Jana nyekundu, leo nyeupe. Amekupa nini yule?" Sikubishana naye. Nikaita bodaboda, nikalipa, nikapanda nyuma yao. Wamempima: malaria. Wamemtundikia dripu. Saa tisa mchana aliomba maji.

Jumatatu, 13 Novemba

Mvua! Usiku kucha kwenye bati. Mchanga wote uani umechapwa nukta, hakuna anayeweza kuzihesabu.

Mtoto karudi nyumbani, anakula. Ila mama yake hapiti tena njia ya nyuma. Anazunguka mtaa mzima na ndoo kichwani ili asipite mlangoni kwa Bibi. Na leo nimemwona mwenzake naye anazunguka.

Nimekwenda kununua michembe. Shikamoo Bibi. Marahaba mjukuu wangu, ingia, utalowa. Akaniuliza mbona yule mama wa mtoto haonekani, alikuwa amemwekea mtoto uji. Nikasema alikuwa anauguza. Ni kweli, na si kweli yote. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa jiko zima, yeye anapuliza, mimi napuliza. Nimekaa naye mpaka uji ukaiva.

Nimejitazama sasa kwenye kioo cha Mama. Mekundu, yanatiririka machozi. Naenda kwa mama jirani sasa hivi, kabla hayajatulia.