Mlinzi Naye Huhitaji Msimamizi

Leo twapenda kuungama kosa letu, huenda likamfaa mwingine.

Mwaka 2021, korona ilipokuwa imezitia hofu nyoyo za watu, sisi hapa Shishiyu tulishikwa na homa na kikohozi. Jirani akatuletea vidonge vya deksamethasoni, akasema ndivyo viponyavyo korona huko Ulaya. Tukavipokea kwa shukrani, na hata kabla ya kuvimeza tukawasifia vidonge hivyo wazazi wawili waliokuja kumjulia hali mwalimu wa watoto wao.

Maji yalikuwa mkononi alipoingia binti wa mdogo wetu, ambaye ni muuguzi. Akauliza, "Baba mkubwa, pumzi yaenda vyema?" Tukajibu kuwa yaenda vyema. "Basi dawa hii si yako leo," akasema, akaketi kutueleza.

Katika nchi hii ya Wasukuma mfano wake si mgeni. Yowe likipigwa usiku, sungusungu hutoka na pinde zao kumfuata mwizi wa ng'ombe. Huo ni ulinzi. Lakini asipokuwapo mzee wa kusema, "Basi, rudini," hasira yaweza kuichoma nyumba ya asiye na hatia.

Ndivyo ulivyo mwili. Virusi vya mafua au vya korona viingiapo mapafuni, chembe za kinga ziitwazo chembe T hutoka kuziua seli zilizokwisha kuambukizwa. Lakini miongoni mwao zimo chembe T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Wataalamu walipowaondolea panya chembe hizo, kisha wakawaambukiza virusi vya njia ya pumzi, panya waliugua zaidi, kwani kinga yao wenyewe iliyadhuru mapafu. Tena katika panya wenye mafua ilionekana kwamba chembe hizo husaidia kuitengeneza nyama ya mapafu iliyoharibika.

Bwana Shimon Sakaguchi wa Japani alizibainisha chembe hizo mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani waligundua jeni ambayo, ikiharibika, kinga huushambulia mwili wake yenyewe. Na mwaka 2003 ikathibitika kwamba jeni hiyo ndiyo iongozayo chembe hizo. Mwaka 2025 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Deksamethasoni nayo huituliza kinga. Mwezi wa Juni 2020 uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo kwa kadiri ya theluthi moja kwa wagonjwa wa korona waliopumua kwa mashine, nayo iliwafaa pia waliohitaji oksijeni. Lakini wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Kwani siku za mwanzo ndizo siku za walinzi kupigana. Ukiwafunga mikono mapema, adui hupata nafasi.

Tuliposikia hayo, tuliwakumbuka wale wazazi wawili. Jioni ile ile tukamtuma kijana kwa baiskeli awaambie kwamba mwalimu amekosea. Mmoja alikuwa amekwisha kuvinunua, mtoto wake akikohoa. Alhamdulillahi, hakuwa amempa.

Enyi wazazi na vijana, Surat Ar-Rahman yatufundisha habari ya mizani, nasi tumeisomesha kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba mizani hiyo imo hata vifuani mwetu. Dawa njema kwa huyu yaweza kumdhuru yule. Basi mwulizeni mganga wa zahanati, wala msimfuate jirani, wala mwalimu wa madrasa kwa jambo asilolisomea. Na apumuaye kwa shida asingojee kuche, apelekwe hospitali mara moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzizuia ndimi zetu kama alivyojaalia miilini mwetu chembe za kuzuia. Amin.